Speke, mgonjwa wa macho aliyelitazama Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

AGOSTI 3, 1858, Mwingereza John Hanning Speke alisimama kilimani hapa Mwanza akalitazama ziwa ambalo wenyeji walilijua tangu enzi kwa jina la Nyanza.

Februari mwaka huo alifika Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton, lakini maradhi ya macho yalimzuia kuliona barabara.

Wataalamu wanaeleza kuwa hata jicho zima halitulii kabisa likazapo kitu. Sembuse la mgonjwa. Hata hivyo, Speke alipima kimo cha ziwa kwa joto la maji yachemkayo, akakaribia kipimo cha leo, takriban meta 1,134. Akatangaza kuwa hapo ndipo chanzo cha Nile.

Burton alikataa, akidai mtazamo wa siku chache si ushahidi. Speke alirejea, na Julai 28, 1862 akauona mto ukitoka ziwani, Jinja.

Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath, alikufa kwa risasi ya bunduki yake akiwinda. Alikuwa na miaka 37. Mwaka 1875, Henry Stanley alilizunguka ziwa lote na kuthibitisha kuwa Speke hakukosea.