Msiri wa Bunkeya: mfalme wa baruti na bastola yenye ilimuua

Bunduki ya kale ikitokea katika Katanga, kwenye dari ya nyumba ao katika udongo wa shamba, hakosi mtu wa kusema ni ya wakati wa Msiri. Mara mingine ni kweli. Mara mingine chuma chenyewe kinakataa, maana kimepigwa alama, na alama ile haijali sifa za mfalme. Tutafika pale. Kwanza mtu mwenyewe.

Jina lake la utoto lilikuwa Ngelengwa. Alizaliwa karibu na mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, upande wa kaskazini-magharibi ya Tabora, kwenye Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa biashara ya shaba. Wakati ule, kabla ya mzungu hata mmoja kuweka kiwanda, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mukuba na kuumwaga katika mfano wa msalaba, na misalaba hiyo ilitembea mbali sana: kwa Baluba huku kwetu, Tabora, mpaka pwani. Kalasa alijua njia hiyo. Mwana akaifuata katika miaka ya 1850, na yeye hakurudi.

Alikuja na watu wachache na bunduki chache. Si bunduki za ajabu: zile za kupakia baruti na risasi kwa mdomo, ukipiga mara moja unaanza tena kazi yote toka mwanzo, na mvua ikinyesha ni kama fimbo tu. Lakini machifu wa pale walikuwa na pinde na mikuki. Walikuwa pia na maadui wenye kuwasumbua, na Baluba wa kaskazini walikuwa kati ya hao. Ngelengwa akajitolea kusaidia. Kishindo na moshi vilitosha kukimbiza watu wenye hawajaona kitu kile. Aliyemsaidia leo alimdai kesho: ardhi, mabibi, pembe za tembo. Machifu walipokuja kushituka, mgeni alikuwa amekwisha kuwa mwenye nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alikuwa Mwami, jina lake Msiri, watu wake wakiitwa Bayeke, utawala wake Garanganze, na mji wake Bunkeya, ambayo leo iko katika jimbo la Lualaba.

Bunkeya ilikuwa soko la njia mbili. Njia ya mashariki ilipita Tabora ikaenda Bagamoyo na Zanzibar. Njia ya magharibi ilipita Bié ikaenda Benguela, kwenye bahari ya Angola, na wenye kuibeba walikuwa Waovimbundu. Wale Waovimbundu hawakuishia kwa Msiri: mwaka 1874 Mwingereza Cameron alikuta msafara wao umepiga kambi kwa mulopwe wa Baluba, Kasongo Kalombo, ukingoja pembe na watu. Kwa kufunga udugu na upande huo, Msiri alioa Maria de Fonseca, mwanamke mwenye damu ya Kireno. Alikuwa na mabibi wengi sana, na wengine kati yao walitawala vijiji kwa jina lake na kumletea habari.

Alichotoa kilikuwa shaba, chumvi, pembe, na watu. Hapa hakuna cha kupamba: maelfu ya watu wa vijiji vya jirani walifungwa na kuuzwa kupitia Bunkeya, na vichwa vya waliomuasi vilionekana juu ya miti kuzunguka boma lake. Alichopokea kilikuwa nguo, shanga, bunduki na baruti. Bunduki za pwani ya mashariki nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya, zenye askari wa huko walikwisha kuacha. Za magharibi ziliitwa lazarina, kwa jina la fundi wa kale wa Braga, Ureno, mwenye kusifiwa sana. Ila lazarina nyingi hazikutoka Braga. Zilitengenezwa Liège, Ubelgiji, zikachorwa jina la fundi yule ili ziuzike. Yaani ile wakati tayari kulikuwa bidhaa ya bandia, na Afrika ndiyo ilikuwa soko lake.

Udhaifu wa Msiri ulikuwa hapo. Mafundi wake walijua kuyeyusha shaba na kufua chuma, lakini hawakutengeneza bunduki wala baruti. Nguvu yake yote ilipita katika mikono ya wengine. Ndiyo maana alipokea wageni vizuri: Mjerumani Reichard na Wareno Capelo na Ivens mwaka 1884, kisha mmisionari Arnot mwaka 1886. Arnot alileta Biblia. Msiri alingoja njia mpya ya baruti.

Haikuja. Mwaka 1890 mataifa yaliandika mkataba Brussels wa kupinga biashara ya watumwa, na ndani yake wakazuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Zile za mawe na mapipa laini ziliachwa zipite chini ya masharti. Serikali za wazungu, zenyewe, ziliendelea kuleta za kisasa kwa askari wao. Karibu na wakati ule Basanga walimuasi Msiri, wakakaa kwenye njia zake na kukamata misafara. Baruti ikapungua Bunkeya, na chakula nacho kikapungua.

Basi wakaja kwa haraka. Novemba 1890 Alfred Sharpe, kwa upande wa Waingereza, alileta karatasi ya kusaini. Msiri akakataa, akaondoka mikono mitupu. Aprili 1891 Paul Le Marinel akafika kwa jina la mfalme Léopold, akaacha kituo Lofoi. Oktoba akafika Delcommune. Tarehe 14 Desemba akafika kapiteni William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, akitumwa na Compagnie du Katanga, pamoja na watu zaidi ya 300, wengi wao Waswahili wa pwani, na bunduki zipatazo 200 za kupakia kwa nyuma, nyingine za kupiga mfululizo. Hesabu ya vita ilikwisha hapo, hata kabla ya mtu kufyatua.

Stairs alipandisha bendera ya Léopold bila ruhusa ya mwenye nchi. Usiku Msiri akatoka Bunkeya akaenda kijiji cha jirani, Munema. Tarehe 20 Desemba Stairs akatuma Mbelgiji Omer Bodson na Mfaransa Bonchamps wakamkamate. Bodson aliingia na watu wachache. Kwa maelezo ya daktari wa msafara, Moloney, Msiri alichomoa upanga. Wengine hawakubali hiyo. Lenye wote wanakubaliana ni hili: Bodson alitoa bastola akampiga Msiri, akafa palepale. Masuka, kijana wa Msiri, akampiga Bodson tumboni, naye akafa. Watu wa Stairs wakakata kichwa cha Mwami na kukitundika juu ya mti, kama vile yeye alivyokuwa akifanyia wengine.

Sasa lile la alama. Mtu akileta bastola ya mzunguko na kusema ni ya siku ile, swali la kwanza si namba, ni kiwanda. Namba peke yake haisemi mwaka. Kila kiwanda kilihesabu toka 1 kivyake, na Smith & Wesson walianza tena karibu kwa kila mfano mpya. Colt ya mfano wa 1873 ilianza na namba 1 mwaka ule, na ilikuwa imepita 100,000 kabla ya Msiri kufa. Kwa hiyo namba kubwa ya Colt hiyo inaweza kuwa ya zamani, na namba ndogo ya bastola nyingine ikawa ya juzi. Tena kuna namba za mafundi, tarakimu moja ao mbili kwenye fremu na kwenye silinda, zilizopigwa ili vipande vya bastola moja visichanganyike. Watu wanazisoma kama namba ya silaha, na hapo wanapotea.

Kwa bastola za Liège kuna njia fupi. Zote zilipita nyumba ya kupima, zikapigwa herufi ELG ndani ya umbo la yai. Tangu 1893, juu ya yai hilo kuliongezwa taji. Ukiona taji, bastola ilipimwa wakati Msiri alikwisha kuzikwa. Na bastola ya Nagant ya Warusi ni ya mfano wa 1895: hiyo pia haikumkuta.

Kwa lazarina namba haisaidii kitu, nyingi hazikupewa. Kazi ya kuweka alama kwa kila silaha imekuja kuandikwa kama sheria ya majirani wote baadaye sana, katika Itifaki ya Nairobi ya 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa Aprili 2010, ili bunduki ikikamatwa porini ijulikane ilitoka kwa nani. Hata leo, mwenye kuokota silaha asisugue alama zake kwa kuitengeneza ipendeze. Aipeleke kwa wenye mamlaka vile ilivyo.

Stairs hakufaidi. Alikufa kwa malaria Chinde, mdomoni mwa Zambezi, Juni 1892. Mukanda Bantu, mtoto wa Msiri, aliachiwa nchi ndogo kuliko ya baba yake, akasimama pamoja na serikali ya Léopold kuwapiga Basanga walewale waliomchosha mzee. Alikufa mwaka 1910. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya Tshombe mwaka 1960, alikuwa wa uzao huo, na kiti cha Mwami wa Bayeke kiko Bunkeya mpaka leo.