Mwanajeshi Aliyeigundua Hazina ya Pilipili

Katika soko la Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, pilipili haikosekani. Wala haikosekani kwenye sahani ya maharage ya askari. Lakini ni wachache wamjuao daktari aliyethibitisha kwamba ndani ya tunda hilo mna kinga ya kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu ufizini ulioua maelfu ya mabaharia na askari.

Albert Szent-Györgyi alizaliwa mjini Budapest, Hungaria, tarehe 16 Septemba 1893. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 aliacha masomo ya udaktari, akaenda mstari wa mbele kuwahudumia majeruhi, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Mwaka 1916, mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yalipoitwaa Gisenyi kutoka kwa Wajerumani, alikata tamaa na vita, akajipiga risasi mkononi na kudai amepigwa na adui. Uzeeni hakulificha jambo hilo. Alirudishwa nyumbani, akahitimu mwaka 1917.

Alipokuwa akifanya utafiti Cambridge, Uingereza, alipata katika tezi za wanyama asidi fulani, lakini ilikuwa kidogo mno. Mwaka 1932, katika mji wa Szeged, yeye na mwenzake Joseph Svirbely waliwalisha wanyama wadogo waitwao simbilisi chakula kilichochemshwa. Waliopewa asidi ile walinawiri. Walionyimwa waliugua, wakafa. Asidi hiyo ndiyo vitamini C.

Akiba ilipokwisha, jioni moja mkewe alimwandalia pilipili nyekundu, zao maarufu la Szeged. Hakuwa na hamu nayo, akaichukua hadi maabara. Kufikia usiku wa manane alijua amepata hazina. Baada ya wiki chache alikuwa na zaidi ya kilo moja ya vitamini hiyo, akawagawia wataalamu wenzake. Mwaka 1937 alipata Tuzo ya Nobel.

Wakati wa vita ya pili alijificha, akisakwa na watu wa Hitler. Mwaka 1947 alihamia Marekani, alikofariki tarehe 22 Oktoba 1986.

Yafaa kukumbuka kwamba ukali wa pilipili hutokana na kitu kingine, kapsaisini. Vitamini C haimo katika ukali huo, nayo hupungua kwa moto na kwa kukaa sana ghalani. Basi askari aitakaye faida hiyo ale pilipili mbichi, hasa ile isiyo kali, iwezayo kuliwa kwa wingi.