Albert Lubaki, mchoraji wa kuta za Bukama

Albert Lubaki alikuwa mchonga pembe za ndovu aliyepamba kuta za nyumba huko Bukama, Katanga, kwenye reli inayopitia Likasi. Mwaka 1926 afisa wa kikoloni Mbelgiji, Georges Thiry, aliziona picha hizo. Kwa kuwa kuta za udongo hazidumu, alimpa Lubaki karatasi na rangi za maji. Akachora watu, wanyama na miti. Mkewe Antoinette naye akachora. Mwaka 1929 kazi zake zilionyeshwa Brussels, kisha Geneva na Paris. Baadaye habari zake zikakatika. Kuta zilibomoka, karatasi zikabaki, nyingi zikiwa Ulaya. Mwaka 2015 zilionyeshwa tena Paris, naye akihesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa uchoraji wa kisasa wa Kongo.