Habib Saleh: Mgeni wa Lamu aliyewafungulia wanyonge mlango wa elimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunayaangalia maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake halijasahaulika kutoka Lamu hadi Unguja na Ngazija. Naye ni Sayyid Saleh bin Alawy Jamalilel, anayejulikana zaidi kwa jina la Habib Saleh.

Habib Saleh alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19. Hata hivyo, asili ya ukoo wake si Ngazija. Wazee wake walikuwa masharifu wa Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu, waliovuka bahari wakakaa Pate, na baadaye baadhi yao wakaendelea hadi visiwa vya Komoro. Wataalamu wanaochunguza mila za mataifa wanatufundisha kwamba mtu anapohama hahami na mzigo wake wa nguo tu. Huhama na lugha yake, nasaba yake, nyimbo zake na namna yake ya kumwabudu Mola wake. Tena, afikapo ugenini, hutoa na hupokea. Ndivyo ilivyokuwa kwa ukoo huu: katika kila kituo walioa, wakazaa, na watoto wao wakawa wenyeji wa pale.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo, Saleh akiwa bado kijana, naye alipanda chombo akaenda Lamu, ambako jamaa za ukoo wake walikuwa wamekwisha tangulia. Lamu ya wakati ule ilikuwa mji wa daraja. Upande wa Mkomani kulikuwa na majumba ya mawe ya waungwana, wenye mashamba, biashara na misikiti ya miaka mingi. Upande wa Langoni kulikuwa na vibanda vya udongo na makuti, makazi ya wageni, mafukara, watumwa na wale waliokwisha kuachwa huru. Ikumbukwe kwamba utumwa haukufutwa kisheria katika mwambao huo hadi mwaka 1907. Elimu ya dini nayo ilifuata daraja hizo hizo: mtoto wa muungwana alisomeshwa, na mtumwa alitosheka na kidogo alichokisikia.

Sharifu huyu, ambaye kwa nasaba yake angeweza kukaa pamoja na wakubwa, alichagua kukaa Langoni. Akawasomesha wale ambao hawakuwa na wa kuwasomesha. Jambo hilo halikuwapendeza baadhi ya wakubwa wa mji, kwani mtumwa aliyekwisha kuijua dini yake sawasawa hawezi tena kuambiwa kwamba ameumbwa duni.

Wakati huo huo, huko Seiwun, Hadhramaut, alikuwapo mwanachuoni mkubwa, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915, na ambaye alitunga maulidi yaitwayo Simtud-Durar. Maulidi hayo yalifika Lamu kwa njia ile ile ya bahari, na Habib Saleh akayasimamisha kwa sauti za pamoja na kwa matari. Mji ulikuwa umezoea maulidi ya Barzanji, yanayosomwa kwa utulivu. Kwa hiyo matari yalizusha ubishi mkali. Lakini watu wa Langoni, ambao ngoma ilikuwa ni sehemu ya maisha yao, waliisikia sauti wanayoifahamu ikiwaita katika kumsifu Mtume wao. Waliokuja kwa ajili ya matari walibaki kwa ajili ya darasa.

Kutokana na juhudi hizo ulisimama Msikiti wa Riyadha na chuo chake, kwa jina linalofanana na la msikiti wa Habib Ali kule Seiwun. Wanafunzi walitoka pande nyingi za Afrika Mashariki, wakarudi kwao kuwa walimu na makadhi. Habib Saleh alifariki dunia mwaka 1935, akazikwa Lamu. Mwaka 1974 kilichapishwa kitabu cha mtaalamu wa Kimisri, Abdul Hamid el-Zein, aliyeishi Lamu akiichunguza jamii yake, na jina la kitabu hicho linatokana na maana ya neno Riyadha. Humo alieleza jinsi masharifu hawa wageni, pamoja na wanyonge waliowafuata, walivyoubadilisha mpangilio wa zamani wa mji.

Hadi leo, kila mwisho wa Mfungo Sita, maelfu ya watu hukusanyika Lamu kwa maulidi na kuzuru kaburi lake. Nje ya msikiti huchezwa goma, uta na kirumbizi, na huwapo pia mashindano ya punda na ya mashua. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na sherehe za Kiislamu ni miongoni mwa mambo yaliyotajwa kuupa mji huo hadhi yake. Watalii nao huja na kamera zao, na wenye nyumba za wageni hupata riziki.

Ndugu msomaji, riziki ya halali si aibu, na kuhifadhi mila si kosa. Wapo pia wanavyuoni wasiokubaliana na matari wala na maulidi yenyewe, na ubishi huo haukuanza leo. Lakini swali moja linawahusu wote. Habib Saleh hakuichukua ngoma ya wanyonge ili watu waitazame. Aliichukua ili wenye ngoma waingie ndani wakasome. Je, sisi tunapoipamba sherehe kwa ajili ya mgeni mwenye fedha, tumemkumbuka yule mgeni asiye na kitu aliyehamia mtaani kwetu mwaka huu? Mtoto wake ana nafasi katika madrasa yetu?

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inatukumbusha kwamba tofauti za mataifa na makabila zimewekwa ili tujuane, na kwamba ubora mbele ya Mola ni kwa ucha Mungu. Habib Saleh aliyafanyia kazi mafundisho hayo mtaani Langoni, na ndiyo maana mgeni yule wa Ngazija leo hatajwi tena kuwa mgeni.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie tuwe wenye kupokea wageni kwa wema. Wabillahi Tawfiq.