Kabla ya kuwa Rais, alisoma mita za maji, kisha akarudi darasani

Uso wake umeushika mkononi mara nyingi. Kwa miaka mingi ulikuwa kwenye noti na sarafu zetu, na karibu kila mji una barabara au shule yenye jina lake. Lakini Jomo Kenyatta unayemjua ni yule mzee wa usinga na kofia. Wacha leo nikuonyeshe yule mwingine: jamaa wa kanjo aliyesoma mita za maji Nairobi, halafu akaingia chuo kikuu akiwa na karibu miaka 40.

Alizaliwa miaka ya 1890 na hakuna aliyeandika tarehe. Mwaka wa 1909 aliingia misheni ya Waskoti pale Thogoto. Huko alijifunza kusoma, kuandika na useremala, na mwaka wa 1914 akabatizwa Johnstone. Masomo yake yaliishia hapo. Sekondari hakuiona kabisa.

Baada ya hapo alifanya kile ambacho wewe na mimi tungeita kuhasla. Alikuwa karani, akawa mkalimani kortini, na mwaka wa 1922 akapata kazi katika idara ya maji ya baraza la mji wa Nairobi. Kazi ilikuwa stoo na mita. Mshahara ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, pesa nzuri sana kwa Mwafrika wa siku hizo. Alikuwa na mke, watoto, na duka kule Dagoretti. Kwa hesabu za mtaa, alikuwa ameshajipanga.

Na hapo ndipo alipoacha. Mwaka wa 1928 alitoka kanjo akawa katibu mkuu wa chama cha KCA na mhariri wa gazeti la Kikuyu, Muigwithania. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirudi nyumbani 1930, kisha 1931 akaenda tena. Safari hii alikaa ng'ambo miaka 15.

Sasa angalia vile alivyosoma, maana haikuwa njia iliyonyooka. Alianzia Woodbrooke, chuo cha Waquaker mjini Birmingham, kunoa Kiingereza chake. Akapitia Moscow kusoma siasa. Aliporudi London alipata kibarua University College, akiwasaidia wataalamu wa fonetiki kuchunguza matamshi ya Kikuyu. Fikiria hilo kidogo: lugha ya mama yake ndiyo ilimfungulia mlango wa chuo kikuu.

Mwaka wa 1935 alijiunga na London School of Economics kusoma anthropolojia chini ya Bronislaw Malinowski, jina kubwa katika fani hiyo. Hakuwa na digrii ya kwanza. Alikaa darasa moja na wasomi waliomzidi vyeti, lakini mada ilipokuwa maisha ya Wakikuyu, yeye ndiye aliyekuwa na habari kamili. Insha alizosoma mbele ya darasa zikawa kitabu, Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938. Kwenye jalada ndipo alipotumia jina Jomo.

Usidhani maisha yalikuwa rahisi. Kodi ya nyumba ilimshinda mara kwa mara. Mwaka wa 1934 alicheza sehemu ndogo katika filamu Sanders of the River ili apate pesa kidogo, ilhali filamu yenyewe ilisifu ukoloni. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, msomi huyu aliyeandika kitabu alienda Sussex kufanya kazi shambani.

Na bei ya masomo hakuilipa peke yake. Mkewe Grace Wahu alibaki Kenya na watoto wao, Peter Muigai na Margaret Wambui. Margaret alizaliwa 1928. Baba yake aliporudi Septemba 1946, alikuwa msichana mkubwa. Wakikuambia kuanza upya ukubwani ni suala la kujituma tu, kumbuka nyumba hiyo. Kuna mtu nyuma yako anayebeba mzigo, na ni haki mkae chini mkubaliane kabla hujaondoka.

Aliporudi, kazi kubwa ya kwanza aliyoshika ilikuwa kuongoza chuo cha walimu cha Githunguri, kilichoanzishwa na Mbiyu Koinange. Yule aliyekomea shule ya misheni sasa alikuwa mkuu wa chuo. Yaliyofuata unayajua: kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, kifungo, kisha uwaziri mkuu 1963 na urais 1964 hadi kifo chake Agosti 22, 1978. Utawala wake una maswali yake, hasa ya ardhi, na tutaendelea kuyauliza.

Lakini kama uko na miaka 27, wenzako wameshafuzu, na unaona aibu kuuliza fomu za kujiunga na chuo, chukua hili moja. Kenyatta alipokaa darasani kwa Malinowski, miaka aliyotumia mitaani, kortini na kwenye mita haikupotea. Aliingia nayo, ikawa ndiyo maarifa ambayo wengine pale hawakuwa nayo. Hata wewe, hiyo miaka unayodhani umepoteza, nenda nayo darasani. Fomu ziulizie wiki hii.