Tingatinga: mtu aliyegeuka jina la picha

Kwetu Swima, sebuleni kwa mjomba wangu, kuna picha ya chui. Mjomba aliinunua Kigoma wakati wa ukimbizi, akavuka nayo ziwa aliporudi Fizi. Kila mgeni akiuliza ni nani aliyeichora, hujibiwa kwamba ni Tingatinga mwenyewe. Mimi pia niliamini hivyo. Likizo iliyopita niliishusha picha ile ili niifute vumbi, nikakuta pembeni, chini ya miguu ya chui, limeandikwa jina la mtu mwingine kabisa. Niliporudi chuoni nikasoma habari za Tingatinga, nikaona kwamba alikufa mwaka 1972. Watu wetu walivuka kwa wingi kwenda Tanzania mwaka 1996. Mjomba hakuweza kuuziwa picha na mtu aliyekwisha kuzikwa zaidi ya miaka 20.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alisoma kidogo tu. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, alitoka kwao kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akatumika nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Hakuna shule ya sanaa aliyopitia.

Kuhusu jinsi alivyoanza kuchora, liko simulizi linalotugusa sisi Wakongo. Inasemekana aliona picha kutoka Kongo zikiuzwa mjini Dar es Salaam, akajiambia kwamba kazi hiyo naye anaiweza. Ni simulizi, tulipokee kama simulizi, lakini halishangazi. Tangu mwaka 1946 Lubumbashi, mji ulioitwa Élisabethville wakati huo, ulikuwa na karakana ya Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, na humo Pilipili Mulongoy alijulikana kwa ndege, samaki na nyoka wake. Picha za wanyama kutoka kwetu zilikuwa zimeanza safari zamani.

Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa dari, vya mraba, na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja. Ikikauka, aliweka mnyama mmoja katikati: chui, tembo, swala au ndege. Hakuna mlima nyuma, hakuna nyumba. Mkewe, Agata, aliziuza picha hizo Oysterbay, nje ya maduka ya Morogoro Stores, ambako Wazungu walikuja kununua vyakula. Zilipoanza kupata wanunuzi, Tingatinga aliwaita ndugu na jamaa akawafundisha. Miongoni mwao walikuwamo Simon Mpata na Kasper Tedo. Walijifunza kwa kunakili: mwalimu anachora chui, mwanafunzi anachora chui yule yule.

Kazi hiyo aliifanya miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam, wakidhani yumo katika gari la wahalifu wanaotoroka. Alikuwa na umri wa miaka 40. Wanafunzi wake waliendelea, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao.

Kunakili mnyama kwa mkono si jambo la Dar es Salaam peke yake. Uingereza, George Stubbs, aliyezaliwa mwaka 1724, alichora farasi wa mashindano wa matajiri. Farasi wake aliye maarufu zaidi, Whistlejacket, alimchora karibu na mwaka 1762, naye pia amesimama peke yake, bila mlima wala nyumba nyuma yake. Mpaka leo wapo wanaoishi kwa kumnakili farasi huyo. Lakini picha ya asili iko London, katika National Gallery, na kila mtu anaweza kwenda kuitazama. Anayenunua nakala anajua kwamba amenunua nakala, na anajua ni ya nani.

Kwa Tingatinga mambo ni tofauti. Picha nyingi za mkono wake zilinunuliwa na wageni, wakaondoka nazo. Zilizobaki kwetu ni za wanafunzi, na za wanafunzi wa wanafunzi. Jina lake nalo limehama. Kiswahili kilikuwa na neno tingatinga kabla yake, kwa maana ya mtambo mkubwa wa kulima au kusukuma udongo. Sasa kina maana nyingine, aina ya picha. Watu husema wamenunua tingatinga mbili, kama wanavyosema wamenunua vitenge viwili. Jina la mtu limeingia katika kamusi, mtu mwenyewe amebaki nje.

Kuna atakayesema huu ni wizi. Sikubaliani naye. Bibi zetu wanatusimulia hadithi za Kibembe bila kutaja aliyezitunga, na bila wao hadithi hizo zisingetufikia. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewaruhusu wanafunzi wanakili. Kosa liko kwetu sisi tunaonunua na kutazama: tunalitumia jina moja kuwafunika watu wote, aliyekufa na walio hai.

Nilimweleza mjomba haya yote. Alinyamaza kidogo, nikadhani nimemharibia picha yake. Kisha akaniomba nimsomee lile jina la pembeni, akalirudia mara mbili ili lisimtoke. Sasa mgeni akiuliza, mjomba hulitaja jina hilo kwanza, halafu humweleza kwamba mtu huyo alijifunza kwa njia ya Tingatinga wa Tunduru.