Gregori Mkuu na daftari la wenye njaa

Leo sikuulizi kama unaamini kuwa hali ya hewa imebadilika. Pengine ulirudia kupanda baada ya mvua kukatika. Pengine ukisikia mvua kubwa juu ya bati usiku huwezi kulala tena, kwa kuwa hujasahau Hanang ya Desemba 2023 wala Rufiji ya Aprili 2024. Mtoto anakuuliza kama dunia itakuwepo atakapokuwa mtu mzima, nawe unamwambia amalize chakula. Kanisani hatulizungumzi sana. Tunaogopa kuonekana tumepungukiwa imani.

Basi kaa kidogo na mtu aliyeogopa hivyo hivyo, tena akiwa mimbarini. Ni Gregori, yule aliyepewa jina la Mkuu. Kama kanisa lenu halina desturi ya kuwakumbuka watakatifu, usifunge gazeti. Habari zake nyingi ni za ghalani na jikoni.

Alizaliwa Roma yapata mwaka 540, katika familia yenye mali. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 536, mlipuko wa volkano ulitia vumbi angani, jua likafifia na baridi ikaharibu mavuno. Wataalamu wa leo wanausoma mkasa huo kwenye barafu ya kale na katika pete za miti. Kisha tauni ikaja, na vita havikwisha. Gregori alikulia katika jiji ambalo ukubwa wake aliusikia kwa wazee tu. Alipata cheo cha kulisimamia jiji hilo, halafu akakiacha, akaigeuza nyumba ya baba yake kuwa monasteri. Miaka ya utulivu pale aliitamani mpaka kufa kwake.

Novemba 589 mto Tiber ulifurika. Maji yaliingia katika maghala ya Kanisa na ngano nyingi ikapotea. Baada ya mafuriko ikafuata tauni, na Februari 590 ikamuua Papa Pelagio wa Pili. Watu wakamchagua Gregori. Hakutaka. Alimwandikia Kaisari huko Konstantinopoli akimsihi asiuidhinishe uchaguzi ule.

Hata hivyo, hakukaa kusubiri jibu. Aliwapanga watu katika makundi saba, kila kundi likatoka katika kanisa lake, wakapita mitaani wakiomba na kulia. Inasimuliwa kuwa watu 80 walianguka na kufa katika maandamano hayo. Daktari wa leo angewakataza kukusanyika, na angekuwa sahihi. Lakini nakuomba uone jambo moja: hakuna aliyeambiwa ajikaze. Hofu ilitolewa nje, ikaombewa barabarani, majirani wakiwa pamoja.

Kaisari alikubali, na Septemba 3, 590 Gregori akawekwa wakfu. Muda si mrefu baadaye alihubiri juu ya Luka 21, akawakumbusha waumini kimbunga kilichokuwa kimeng'oa miti na kubomoa nyumba na makanisa. Aliamini mwisho wa dunia uko mlangoni, na alilisema hilo bila kuficha. Hapo alikosea, imepita miaka zaidi ya 1,400. Tena tusichanganye mambo. Yeye hakuwa na la kufanya juu ya volkano, lakini joto la siku zetu linatokana kwa sehemu kubwa na mafuta na makaa tunayochoma na misitu tunayofyeka. Ila moyo wake naujua. Nawe unaujua.

Mtu anayeamini dunia inakwisha kesho angeweza kukaa akitazama mawingu. Gregori aliandika barua. Zimebaki zaidi ya 800, na nyingi ni za mambo madogo: ngano ya mashamba ya Kanisa kule Sisilia, wakulima wanaopunjwa kwenye vipimo, nani alipwe nini. Kila mwanzo wa mwezi maskini wa Roma waligawiwa chakula cha msimu huo: nafaka, divai, jibini, mboga, samaki, mafuta. Wagonjwa walipelekewa chakula kilichopikwa hadi majumbani. Kulipokuwa na baridi kali, alitumia sehemu ya dhahabu aliyotumiwa kununua mablanketi ya watawa wa kike, ambao jijini walifika 3,000. Inasimuliwa pia kwamba maskini mmoja alipokutwa amekufa uchochoroni, Gregori hakuadhimisha Misa kwa siku kadhaa, kana kwamba amemuua yeye.

Hofu yake haikuondoka kwa kazi hizo. Mwaka 593, Walombardi walipolizingira jiji na watu wakawa wanarudi wamekatwa mikono, alikuwa katikati ya mfululizo wa mahubiri juu ya kitabu cha Ezekieli. Aliwaambia waumini kwamba hawezi kuendelea, akaacha. Tumbo lilimsumbua kwa miaka, na jongo lilimlaza kitandani muda mrefu hata akawa anaamka kwa shida siku za sikukuu tu. Katika barua zake anakiri kuwa amechoka kuishi. Askofu wa Roma, akiandika hivyo kwa rafiki zake!

Na mtu huyu huyu, mwaka 596, aliwatuma watawa wapatao 40, wakiongozwa na Agustino, waende Uingereza kuanzisha kanisa. Wakiwa njiani waliingiwa na woga wakataka kurudi. Aliwaandikia waendelee.

Alifariki Machi 12, 604. Baada yake njaa kubwa ilirudi Roma, na mrithi wake akawauzia watu nafaka. Katika karne ya 9, shemasi Yohane aliyeandika maisha ya Gregori alisema kuwa daftari lake bado lilitunzwa Laterano. Lilikuwa kubwa, na ndani yake mliandikwa majina ya waliolishwa, umri wao na kazi zao.